Uamuzi wa kufukuza mwanafunzi ubaki kwenye bodi

Kuna makala inayopendekeza wakuu wa sekondari za serikali waruhusiwe kumfukuza mwanafunzi mtovu wa nidhamu bila kusubiri kikao cha bodi ya shule. Naelewa uchovu wa walimu wetu hapa Mwanza, kwani tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mkorofi mmoja huweza kuwanyima wenzake kipindi kizima. Lakini kijana anayefukuzwa shule Ilemela au Ukerewe hakai nyumbani akijutia kosa. Anaishia mwaloni, pale ziwani wavuvi wanaposhushia samaki, anapakua dagaa alfajiri, anaanza kushika fedha yake mwenyewe, na kumrudisha darasani baada ya hapo ni kazi ngumu mno. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ambao binafsi naona ulitenda haki, uliwafungulia njia ya kurejea walioacha masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Kama ni mamlaka, wakuu wa shule wapewe ya kupanga matumizi ya fedha na kuimarisha ushauri nasaha, ila mtoto asiondolewe kabla mzazi wake hajasikilizwa mbele ya bodi.