Pointi 78 za Fadlu Davids: ushahidi tunaouacha pembeni

Mechi 30, ushindi 25, sare tatu, vipigo viwili, pointi 78. Juu yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na kabati la Msimbazi, makao ya Simba, halikuongezeka kombe kubwa hata moja. Hiyo ndiyo hesabu ya msimu wa 2024/25, msimu wa kwanza wa Fadlu Davids akiwa kocha wa Simba, na ndiyo iliyotugawa Wanasimba makundi mawili ambayo hadi leo hayajaelewana.

Kundi la kwanza linasema kocha huyu aliikuta timu imetoka nafasi ya tatu, akaifikisha fainali ya Afrika na kuupeleka ubingwa wa Bara mpaka mechi ya mwisho ya ligi. Anastahili heshima. Kundi la pili linajibu kwamba Simba haijaanzishwa ili ipongezwe kwa kushika nafasi ya pili, na kwamba kocha aliyekutana na mtani wetu Yanga mara tatu ndani ya msimu mmoja bila kupata hata bao hana cha kujitetea.

Nimewasikiliza wote, na kila upande una hoja nzito. Ila naona waliomkosoa walishika ushahidi usio sahihi, na waliomtetea wakashindwa kuona ushahidi uliokuwa mbele yao.

Tukumbushane kwanza alikuta nini. Novemba 5, 2023 Yanga walitufunga 5-1, na kocha Robertinho akaonyeshwa mlango wa kutokea. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka Aprili 2024, Juma Mgunda akamalizia msimu. Tukawa wa tatu nyuma ya Azam, pointi tukiwa nazo sawa, tofauti ya mabao ikatuangusha, na Ligi ya Mabingwa ikatuponyoka. Klabu ikaamua kubomoa. Clatous Chama akahamia Yanga, Henock Inonga akaenda FAR Rabat, Saido Ntibazonkiza, John Bocco na Sadio Kanoute wakaondoka. Wakaingia Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, Augustine Okejepha, Deborah Fernandes, Valentin Nouma, Yusuph Kagoma, kipa Moussa Camara na wengine, kisha Leonel Ateba akafuata Agosti. Fadlu, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa msaidizi pale Raja Casablanca walipotwaa ubingwa wa Morocco bila kupoteza mechi, alikabidhiwa kikosi ambacho nusu yake walikuwa wanajuana kwa majina tu.

Kikosi cha namna hiyo kupata pointi 78 ni kazi kubwa. Timu nyingi hubadilisha wachezaji watatu wanne na bado mzunguko wa kwanza unakuwa wa kutafutana uwanjani. Simba haikutafutana. Ahoua alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, kadhaa kati yake yakiwa ya penalti, na Camara akaongoza makipa kwa mechi za kutoruhusu bao. Hao wote wawili walikuwa wageni wa ligi yetu. Anayesema kocha hakuwa na mchango hapo ajiulize ni wageni wangapi wenye majina makubwa waliopita Msimbazi tusiwaone kabisa.

Halafu kuna Afrika. Simba ilikuwa imezoea kuishia robo fainali: Ligi ya Mabingwa 2018/19, 2020/21, 2022/23 na 2023/24, na Shirikisho 2021/22. Tulifika mahali robo fainali ikawa kama ukuta. Aprili 2025 tulipofungwa 2-0 na Al Masry kule Suez, wengi tulijua mwisho wake. Wiki moja baadaye kwenye Uwanja wa Mkapa, Elie Mpanzu na Mukwala wakarudisha yote mawili kabla ya mapumziko, na kwenye mikwaju ya penalti Camara akafanya kazi yake, tukashinda 4-1. Nusu fainali Ahoua akawamaliza Stellenbosch kwa frikiki pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na marudiano Durban timu ikazuia kwa nidhamu ambayo sijaiona Simba ugenini kwa muda mrefu, 0-0. Fainali ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF ya 1993 tuliyopoteza mbele ya Stella Abidjan.

Fainali yenyewe tuliipoteza ndani ya robo saa. Berkane ya Morocco walipata mabao mawili mapema nyumbani kwao, na dakika zilizobaki pamoja na mechi nzima ya Zanzibar zikawa za kukimbiza deni. Mutale alifunga mapema Amaan, Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili, bao la Mukwala likakataliwa na VAR, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Jumla 3-1. Simlaumu kocha kwa Zanzibar. Kwa Berkane namlaumu kidogo, maana timu iliingia kana kwamba kelele za uwanja zimeishangaza, na maandalizi ya kisaikolojia ni sehemu ya kazi yake. Hata hivyo, Berkane ni klabu iliyokwisha kulibeba kombe hili mara mbili kabla yetu. Kufungwa nao si aibu.

Sasa twende kwenye kidonda, yaani Yanga.

Agosti 8, 2024, Ngao ya Jamii, 1-0. Oktoba 19, ligi, 1-0. Juni 25, 2025, mechi iliyoamua ubingwa, 2-0. Dakika 270 bila bao. Mtu akiyataja hayo mbele ya Mwanasimba, mjadala unakufa hapo hapo. Vipigo viwili pekee vya ligi nzima vilitoka kwa mtani, na kwa mashabiki wengi huo ndio ushahidi kwamba Fadlu hakutosha.

Lakini tazama upande wa pili wa benchi. Mechi ya Agosti na ya Oktoba Yanga walikuwa na Miguel Gamondi. Novemba wakamtimua, akaja Sead Ramovic. Februari naye akaondoka kwenda CR Belouizdad, akaja Miloud Hamdi, na ndiye aliyetufunga Juni na kubeba ubingwa. Makocha watatu, msimu mmoja, na matokeo dhidi yetu hayakubadilika. Kama tofauti ya Simba na Yanga ingekuwa kocha, basi mabadiliko yale yangewayumbisha. Hayakuwayumbisha kwa sababu kina Djigui Diarra, Dickson Job, Bakari Mwamnyeto, Khalid Aucho, Pacome Zouzoua na Clement Mzize walikuwa wamekaa pamoja kwa misimu. Mechi ya watani inapofika dakika ya 60 ikiwa 0-0, wanajua nani anapunguza kasi, nani anaongea na mwamuzi, nani anaachiwa mpira. Sisi tulikuwa na vijana wanaocheza mechi hiyo kwa mara ya kwanza au ya pili maishani.

Oktoba tulicheza vizuri. Bao lilikuja dakika za lala salama, mpira ukamgonga Kelvin Kijili ukaingia. Juni hali ilikuwa tofauti, na hapo wakosoaji wana haki yao. Yanga walikuwa na pointi 79, sisi 78. Sare ilikuwa yao, ushindi tu ndio ulikuwa wetu. Timu inayolazimika kushinda ilicheza kipindi chote cha kwanza kwa tahadhari ya timu inayotosheka na sare. Pacome akafunga penalti dakika ya 66, na tulipotoka kutafuta, Mzize akatumaliza dakika ya 86. Kusubiri kuliko kule sikukuelewa siku ile, na leo bado sijapata maelezo ya kuniridhisha. Kama kuna mechi moja ya kumhukumu Fadlu kwa maamuzi yake mwenyewe kati ya zile tatu, ni hiyo.

Hata hivyo ubingwa haukupotea Juni 25 peke yake. Hapa ndipo penye ushahidi ninaousema, na nashangaa jinsi tunavyoupita.

Chukua zile sare tatu. Oktoba 4 dhidi ya Coastal Union tuliongoza 2-0, ikaisha 2-2. Februari 6 dhidi ya Fountain Gate tuliongoza kwa bao la Ateba, Ladaki Chasambi akajifunga kwa pasi ya kurudisha kwa kipa, ikaisha 1-1. Februari 24 dhidi ya Azam tulitoka nyuma tukaongoza 2-1, dakika ya 88 Zidane Sereri akasawazisha. Sare zote tatu tulikuwa mbele. Pointi sita zikamwagika tukiwa tumeshazishika mkononi. Zijumlishe kwenye 78 upate 84. Yanga walimaliza na 82. Kwa maneno mengine, Simba ile ile, yenye vipigo vile vile viwili vya mtani, ingekuwa bingwa kama ingejua kulinda uongozi wake katika mechi tatu.

Utasema Fountain Gate ilikuwa ajali ya kijana, na nakubali. Haikuwa haki namna Chasambi alivyoandamwa baada ya ile mechi. Mchezaji wa umri ule akikosea pasi moja hapaswi kubeba msimu mzima mgongoni. Lakini timu iliyokuwa ikiongoza kwa bao moja ilikuwa na nusu saa nzima ya kutafuta la pili, haikulipata. Ongeza na mechi ya Constantine ugenini kwenye makundi ya Shirikisho, ambako Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ alitutanguliza, tukarudi kipindi cha pili na kufungwa mawili ya haraka haraka. Hiyo ni tabia ya timu: inapata bao, inarudi nyuma, viungo wanaacha mita nyingi kati yao na washambuliaji, mpinzani anapewa mpira na matumaini.

Kurekebisha tabia hiyo ni kazi ya kocha. Usajili hauingii hapo, uzoefu wa mtani hauingii hapo. Coastal na Fountain Gate hawana wachezaji waliokaa pamoja miaka minne wakibeba makombe. Dhidi yao tulikuwa na kikosi bora, tulikuwa mbele, na benchi lilikuwa na muda wa kuona mchezo unavyogeuka. Mabadiliko yalichelewa, na mara nyingi yalikuwa ya mchezaji kwa mchezaji wa nafasi ile ile, badala ya kuongeza mtu wa kushika mpira pale kati.

Waliomtetea wana jibu hapa pia, na si dogo. Baada ya Azam hatukudondosha pointi tena kwenye ligi hadi siku ya Yanga, ingawa kwenye Kombe la Shirikisho la nyumbani Singida Black Stars walitutoa nusu fainali kwa 3-1, siku chache tu baada ya fainali ya Zanzibar, wachezaji wakiwa hoi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kocha aliliona tatizo na kulifanyia kazi. Timu ya Aprili iliyozuia Durban kwa dakika 90 si timu ya Oktoba iliyopoteza uongozi wa mabao mawili mbele ya Coastal. Msimu wa kwanza wa kocha unapaswa kusomwa hivyo: ulikuwa wapi Agosti, uko wapi Mei. Ukiusoma hivyo, Fadlu alipanda.

Hukumu yangu basi ni kwamba alistahili msimu wa pili, na alistahili kuuanza akiwa na masharti makali zaidi ya yale tuliyompa. Nafasi ya pili na fainali viliununua muda wake kwa haki. Sharti la kwanza lingekuwa kulinda uongozi hadi mwisho kwenye mechi tunazoongoza, la pili kuingia mechi ya mtani na mpango wa kushambulia tangu dakika ya kwanza.

Hatukupata nafasi ya kuyaona. Septemba 2025 tulifungwa tena 1-0 na Yanga kwenye Ngao ya Jamii, na siku chache baadaye Fadlu akarudi Raja Casablanca, safari hii kama kocha mkuu. Wapo waliofurahi. Mimi sikufurahi, na si kwa mapenzi ya mtu mmoja. Baada ya Didier Gomes kuondoka Oktoba 2021 tumepita kwa Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Benchikha, kisha huyu, Mgunda akiitwa kuziba mapengo, na kila mara tunaanza kumpima mpya kwa kutazama jedwali la Yanga.

Na dirisha lile lile la kiangazi cha 2025, kabla kocha hajaondoka, kikosi kilichokuwa kimeanza kujuana kikavunjwa tena. Ateba aliondoka, Fabrice Ngoma aliondoka, beki Che Malone aliondoka. Tshabalala, nahodha aliyekaa Msimbazi miaka kumi na zaidi, alisaini Yanga. Tunapouliza kwa nini wenzetu wanabadilisha makocha watatu na bado wanashinda, tuanzie kwenye orodha hiyo, na swali tulipeleke kwa wanaosaini mikataba kabla ya kulipeleka kwa anayekaa kwenye benchi.