Kimoja Nile Hapa Hapa

Kosa la kwanza lilikuwa kanzu. La pili hotpoti. La tatu mdomo, lakini huo nimezaliwa nao.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea kutoka Berlin, anakofanya kazi miaka mingi sasa. Siku tatu za mwanzo hakuwa na habari nyingine ila kebab. Hasemi kababu, anasema kebab, anafunga mdomo mwishoni kama mtu aliyemeza inzi. Mara kule kila kona pana duka la Mturuki. Mara nyama imepangwa kwenye chuma kilichosimama wima, inazunguka mbele ya moto, mwenye duka anaikwangua kwa kisu kirefu mithili ya upanga, anaishindilia ndani ya mkate pamoja na kabichi na sosi ya thomu. Mara hilo neno doner kwa Kituruki maana yake ni kuzunguka. Mara Wajerumani ndio waliowaita Waturuki wakafanye kazi viwandani, tangu mwaka 1961, na wao wakaenda na kebab zao. Watoto wangu wanamsikiliza midomo wazi, chapati zinapoa.

"Sasa hapa Tanga, shemeji," akauliza siku ya tatu, "mtu akitaka kebab ya maana mjini kati anakwenda wapi?"

Jamani. Wajerumani walikaa mji huu, wakatuachia reli na mnara wa saa, wakaenda zao. Leo mtoto wa Makorora aende kwao, arudi anifundishe kababu? Nikamwambia subiri. Utakula kababu ambayo ukirudi Berlin utawaonea huruma Waturuki.

Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Ukweli ni kwamba kababu ya mjini nilikuwa sijaila kwa zaidi ya mwaka. Kwetu hupikwa Ramadhani, ikiisha Ramadhani tunarudi kwenye dagaa.

Alhamisi nikatoka peke yangu kufanya upelelezi. Nikaanzia mgahawa mmoja karibu na soko. Kababu nzuri kwa macho, nyekundu, imenyooka. Nikauma. Mkate. Nikauma tena nikiitafuta nyama, mkate, safari hii na kipande cha kitunguu. Sasa mkate kwenye kababu si dhambi, hilo nalisema mapema. Slesi moja au mbili zilowekwe, zikamuliwe, zichanganywe na nyama ya kusaga ili ishikane, kila mama wa pwani anafanya. Lakini hii ilikuwa mkate uliopita karibu na bucha. Mgahawa wa pili walitia viazi, yaani katlesi imebadilishwa jina. Wa tatu nyama ilikuwapo, sikatai, ila mafuta ya kukaangia yalikuwa meusi, nikala kababu moja jioni ile na nikaendelea kuila mpaka alfajiri.

Na kababu si kitu kigumu, ndiyo maana nakasirika. Nyama iwe steki, isagwe ikiwa kavu, kwani ikibeba maji itapasukia karaini. Kitunguu maji kikatwe kidogo kidogo kikamuliwe. Thomu, tangawizi, pilipili mbichi, kotmiri kwa wingi, bizari nzima iliyokaangwa kidogo kabla ya kutwangwa, chumvi, ndimu. Ikae ilale. Kisha mafuta safi, moto wa wastani. Pembeni chatne ya ukwaju. Kuna wanaoficha yai zima la kuchemsha katikati, nao nawaombea pepo.

Aliyeniokoa ni fundi baiskeli. Tanga kila mtu ana baiskeli na kila baiskeli ina fundi, na fundi ndiye anayejua mji kuliko diwani, kwa sababu watu wakingoja pancha izibwe hawana kazi ila kusema. Nikamweleza shida yangu. Akacheka. "We kababu waitafuta mjini? Mjini wanakula wasafiri. Vuka reli, nenda Ngamiani." Akanitajia barabara. Mgeni ajue kwamba barabara za Ngamiani zina namba, huwezi kupotea ukijua kuhesabu, na ndiyo sababu hiyo namba siitaji, maana wenyewe wapo na nyumba ni ile ile. "Mlango wa kijani. Bi mkubwa anapika kwake. Baada ya Alasiri utakuta. Nenda na chombo chako."

Nenda na chombo chako. Maneno hayo manne.

Ijumaa nikaswali Alasiri, nikatoka msikitini na kanzu yangu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, nikapitia nyumbani kuchukua hotpoti. Si hotpoti yoyote. Ni ile ya maua mekundu aliyopewa mke wangu siku ya harusi, ambayo mimi siruhusiwi hata kuifunika. Nikaifunga kitambaa cheupe isipate vumbi, nikaiweka kwenye kapu la baiskeli, huyoo.

Mlango wa kijani niliuona kwa mbali. Kwanza niliiona harufu. Ile harufu ya bizari na thomu vikikutana na mafuta ya moto, baiskeli yenyewe ikakata kona. Nje viatu vingi vimepangwa. Nikasema moyoni, biashara inakwenda hapa. Ndani wazee wanne wa kanzu wameketi kwenye mkeka, birika la chai katikati.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam warahmatullah! Karibu, baba, karibu, tulikuwa tukikungoja."

Nikajua fundi baiskeli kanitangulia kwa simu. Kijana mmoja akaruka, akaipokea hotpoti kwa mikono miwili, akaingia nayo uani kwa adabu ya ajabu. Nikasema huku ndiko kuhudumia mteja. Nikawashika wazee mikono, shikamoo, marahaba, nikakaa.

"Mbona peke yako? Wenzio?"

"Wenzangu wako nyumbani, wananingoja mie."

"Ahaa. Wewe ndiye msemaji."

"Ndiye mimi."

Ikaletwa sahani. Kababu nane, zinatoa moshi. Nikaambiwa kula, baba. Nikaelewa ni za kuonja. Nikala ya kwanza. Sijui niseme nini. Ganda linavunjika kidogo, ndani laini, kotmiri inakuja mwanzo, pilipili inakuja mwisho kama mtu aliyechelewa kwenye kikao. Nikala ya pili kuhakikisha. Ya tatu nilikula kwa tamaa tu.

"Wazee wangu," nikasema, "aliyefanya haya ni nani?"

"Binti mwenyewe," akajibu mkubwa wao, na wote wakatabasamu. "Kafunzwa na mama yake."

"Basi mimi sina haja ya kuzunguka tena. Nimefika."

Wakaitikia mashaallah.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi watu wa Tanga. Huingii nyumba ya watu, mbele ya wazee, ukapayuka "nataka kababu". Ni utovu wa adabu. Utazunguka, utapapasa, utasema kitu, jambo, ile shida yetu. Ningekuwa mtu wa bara ningetaja kababu kwenye sentensi ya kwanza na kisa hiki kisingekuwapo.

"Nimeelekezwa," nikaendelea, "kwamba nyumba hii mna kitu kizuri, hakuna mfano wake mjini."

"Wamesema kweli. Na mwenyewe anayetaka, yuko wapi?"

"Kapumzika nyumbani. Katoka Ujerumani juzi."

Wazee wakatazamana. "Ujerumani? Sisi tuliambiwa yuko bandarini."

"Bandarini? Hasha. Berlin."

"Na huko Berlin hakuna?"

"Vimejaa, mzee wangu! Kila kona. Kila usiku akitoka kazini anapitia vya Waturuki."

Mmoja akasema "Astaghfirullah," taratibu, kikombe kimesimama njiani.

"Lakini vya kule vinazunguka tu, havina ladha. Sasa vimemkinai. Anataka cha kwao, cha nyumbani, akishike kwa mkono wake."

"Bora amezinduka," akasema mwingine. "Vijana wengi hupotelea huko moja kwa moja."

Nikaona mazungumzo yanakwenda vizuri sana, ingawa nilishangaa kidogo watu wanaochukulia chakula kwa uzito kiasi kile. Nikaingia kwenye jambo lenyewe.

"Sasa mniambie, ni shilingi ngapi?"

Mzee mkubwa akatabasamu kwa subira. "Hilo sisi hatutaji, baba. Hutaja mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Basi aulizwe. Ila asinikomoe. Jana tu mjini nimepata cha mia tano."

"Cha mia tano?"

"Mia tano. Lakini takataka, wazee wangu. Nimeuma mara moja, nikampa paka."

Pakawa kimya. Nje baiskeli ikapita ikapiga kengele. Mzee aliyekuwa hajasema neno tangu niingie akajikohoza, akauliza kwa sauti iliyomkauka:

"Na nyie mwataka... vingapi?"

"Sita," nikasema. "Kimoja nile hapa hapa, vitano mnifungie."

Ile nyumba nasikia ina paa la bati, lakini kwa muda ule nilihisi anga tupu juu ya kichwa changu. Mzee mkubwa akavua miwani.

"Mwanangu. Sheria imeruhusu wanne."

"Sheria ya wapi hiyo, mzee? Mtu na pesa zake?"

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka uani, kali, mpaka barabara ya pili walisikia: "Haina kitu! Wamekuja kuposa na hotpoti tupu!"

Kuposa.

Neno lile liliingia sikio moja, likashindwa kutokea la pili. Nikatazama mkeka. Nikatazama kanzu zao. Nikatazama kanzu yangu. Nikaanza kuyarudia niliyoyasema, moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kila nililolifikia lilikuwa baya kuliko lililopita. Paka. Mungu wangu, paka.

Na kabla sijafungua mdomo kujiokoa, mlangoni pakapigwa hodi. Watu watano, kanzu zimepigwa pasi, mmoja kashika sinia lililofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. "Tuwieni radhi wazee, gari ilituharibikia. Sisi ndio tuliotoka kwa yule kijana wa bandarini."

Wazee wakawatazama wao. Wakanitazama mimi. Mzee mkubwa akauliza swali moja tu: "Wewe ni nani?"

"Mimi," nikasema, "nimefuata kababu."

Aliyeanza kucheka ni yule aliyeleta astaghfirullah. Alianza kama anayekohoa, mabega yakatikisika, akalala ubavu kwenye mkeka akishika tumbo. Kicheko kikaingia uani, na huko kikawakuta wanawake kama ishirini. Mwaka 1914 jeshi la Waingereza lilishuka Tanga likavamiwa na makundi ya nyuki vitani, wakarudi baharini. Zamani nilidhani wametia chumvi. Siku ile, nilivyosikia ile sauti ikitoka uani na kuja sebuleni, niliwaelewa. Nikatoka nikavaa ndala, moja yangu moja ya mtu, nikapanda baiskeli, pindo la kanzu likaingia kwenye mnyororo pale pale mbele ya mlango, nikalichana, nikaenda.

Nyumbani nilikuta shemeji anakula chipsi mayai. Mke wangu hakuuliza kababu wala hakuuliza kanzu.

"Hotpoti yangu iko wapi?"

Kesho yake asubuhi nikarudi. Si kwa ushujaa. Kulikuwa na mambo mawili ya kuogopa na lile la nyumbani lilikuwa kubwa zaidi. Bi mkubwa mwenyewe alifungua mlango, akaniona, akashika kizingiti, ikabidi asubiri apumue. Akanieleza. Fundi hakunidanganya: kababu anauza, nyumba ni hiyo hiyo, ila jana alifunga biashara kwa ajili ya posa ya bintiye. Mshenga wa upande wa pili hawakuwa wakimjua kwa sura. Waliambiwa tu atakuja mtu wa makamo, wa kanzu, baada ya Alasiri. Posa imepokelewa, akasema, wamepewa siku ya jibu. Na binti amesisitiza huyo kijana aulizwe vizuri kama aliwahi kufika Ujerumani.

Akaingia ndani akarudi na hotpoti, inatoa joto. Mkono wa pili kashika kisahani chenye kababu moja.

"Hivi vitano umefungiwa," akasema, "na hiki ule hapa hapa."

Nikala nimesimama pale pale mlangoni, kama mtoto aliyepewa adhabu. Pesa alikataa. Nilipogeuka kuondoka, yule mzee wa miwani alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Sita?"

"Sita, mzee wangu."

"Wanne, nilikwambia." Akafungua hotpoti ya mke wangu, akatoa mbili, akaanza kula ya kwanza. "Nenda salama."

Nikafika nyumbani na kababu tatu kwa watu sita. Shemeji alikula moja na nusu, hakusema kitu mpaka alipomaliza kulamba vidole. Hakusema kebab tena. Alisema kesho twende wote, na yeye akaione hiyo nyumba.

Nikamwambia sawa, lakini avae suruali.