Eti hana familia, apangwe Krismasi

Desemba ikifika, rosta ya zamu za hospitali ikibandikwa ukutani, majina ya usiku wa tarehe 24 na mchana wa tarehe 25 unayajua kabla hujasogea kusoma. Ni vijana walioajiriwa juzi, hawajaoa wala kuolewa. Wakiuliza, jibu liko tayari: "Wewe si uko peke yako? Wenzako wana watoto." Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Jibu hilo nililipokea sana nikiwa msichana, leo nina watoto na linanifaidisha, na bado naliona ni uonevu.

Asiye na mtoto ni mtoto wa mtu. Binti aliyetoka Mpwapwa au Kongwa akaja kupanga chumba Nkuhungu ana mama anayehesabu siku. Tena huku Ugogoni Krismasi si pilau tu. Mvua zikiwa zimeshaanza, shamba la uwele linasubiri watu, na aliyekuja kula sikukuu anategemewa kushika jembe kesho yake alfajiri. (Wanaoomba ofu eti wakapumzike kijijini huwa wananichekesha.) Akikosa kufika mwaka wa kwanza, ndugu wanaelewa. Akikosa wa tatu, hakuna anayesema kazini kwake watu ni wachache. Wanasema mjini kumemlevya.

Na mji wenyewe una tabia yake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, Dodoma imejaa watu ambao kwao ni kwingine. Sikukuu zikikaribia wanatawanyika, stendi ya Nzuguni haina pa kukanyaga, wengine wanakimbilia treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam mwaka 2024. Mitaa inabaki myeupe. Tunabaki wauguzi, walinzi, wauza mafuta na bodaboda wachache. Wagonjwa hawaendi likizo: wajawazito wanafika na uchungu wao, bodaboda zinagongana, na jioni wanaanza kuingia wenye matumbo yaliyozidiwa na nyama.

Kinachotuokoa wodini ni makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe: nishikie Krismasi, nami nitakushikia Idi. Hakuna waraka ulioyaleta na yanafanya kazi kuliko waraka. Tatizo lipo kwenye mwezi. Krismasi ina tarehe yake, Idi inasubiri mwandamo. Rosta imeshaandika Idi ni Jumapili, usiku inatangazwa kuwa mwezi haujaonekana. Basi yule mwenye ofu ya Jumapili anashinda nyumbani na swaumu yake, na Jumatatu wenzake wakienda kuswali Idi yeye anavaa sare aingie kazini. Halafu wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nje ya nchi, hao wameshasali siku iliyotangulia. Mpanga rosta mwenye akili huwapa Waislamu wake nafasi kwa siku zote mbili, kisha hurekebisha tangazo likishatoka. Simu moja ya saa tatu usiku inatosha.

Kuna wanaosema aliyefanya kazi sikukuu alipwe, yaishe. Alipwe, ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya sikukuu ya umma ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, iongezewe asilimia 5. Kuna sehemu nyingi sheria hiyo inaishia kwenye soda na sahani ya pilau ya baridi. Lakini hata ukilipwa mpaka senti ya mwisho, hela haijibu kwa nini ni wewe kila mwaka.

Mimi ningependa daftari la kuandika nani alishika sikukuu ipi. Aliyeshika Krismasi mwaka jana asishike mwaka huu, awe na watoto sita au hana hata paka. Majina ya Desemba yatoke Novemba mapema, watu wakate tiketi na wabadilishane kwa nafasi, si kwa kubembelezana koridoni siku mbili kabla. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na aliyejifungua karibuni wasiguswe na zamu za usiku, hilo liko kwenye sheria hiyo hiyo. Wengine wote tuingie kwenye mzunguko.

Najua akina mama wenzangu hawatanipenda. Mmoja ameshaniuliza, "Dada, umesahau kulea?" Sijasahau. Mwaka huu tarehe 25 nimeandikwa mimi, mchana. Watoto watakwenda kanisani na shangazi yao, mbuzi atachinjwa tarehe 27, na mwenye manung'uniko nyumbani ni baba yao tu.