Gari la Mpwa, Stima ya Mjomba

Zamani mgeni akifika Malindi alikuomba maji ya kunywa na mkeka. Siku hizi anashuka garini, salamu hajazimaliza, macho yashaanza kuzunguka ukutani kutafuta soketi.

Mpwa wangu kanunua gari la stima. Mashallah, sina husuda. Katoka Mombasa, kilomita 120 hivi, bila moshi wala kelele, akaegesha chini ya mwarobaini wangu, akatoa waya mrefu kwenye buti. "Mjomba, nipitishie ekstensheni hapo dirishani. Ni kama kuchaji simu."

Simu! Simu gani ina betri ya kilowati-saa 40? Na ekstensheni yangu naijua: ndiyo hiyo ya feni, imezungushwa tepu nyeusi kila mahali, ikibeba pasi tu hupata joto. Tena pasi hupigwa robo saa ikazimwa. Gari hili lataka ampea 10 tangu isha mpaka alfajiri, halipumziki. Na kichwani mwangu nimeezeka makuti, si bati. Makuti, jamani! Cheche moja tu na mtaa wetu wa Shela mzima unakuja na ndoo.

Nikasema haya, aitwe fundi. Si yule kijana wa mtaani anayemenya waya kwa meno. Nilitaka mwenye leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati wa serikali. Akaja na testa mfukoni na uso wa rambirambi.

Kufungua boksi la breka, mna mjusi mkavu, marehemu wa siku nyingi, na skrubu zimeota kutu la kijani. Bahari hii tunayojivunia, chumvi yake yaingia mpaka humo. Akachomoa plagi ya friji: mguu mmoja umeungua, umekuwa kahawia. Kisha akaufuata waya wa athi, ule wa kijani na manjano wa kupeleka ardhini stima iliyovuja, mpaka nje. Yeye mbele, mimi nyuma, mke wangu nyuma yangu. Ukatokea uani, ukakata kona vizuri tu, ukaishia kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Nguzo yenyewe ya mkoko.

"Nani alifanya hivi?"

"Fundi."

Akanyamaza kidogo, halafu akatoa daftari. Gari lataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, lisichangie na friji wala pampu. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huvuta ampea 32, kwa hiyo waya uwe mnene, wa milimita 6 za mraba. Hizi soketi zangu zimevutiwa wa 2.5. Fito la athi lipigwe ardhini, kisha lipimwe. Na iwepo swichi ya kukata stima zikivuja miliampea 30, lakini si ya aina yoyote ile, maana gari likivujisha umeme wa DC, ule wa aina ya betri, swichi nyingine hupumbaa zisikate. Yaani mgeni anamlevya mlinzi wangu! Hapo nikatafuta kiti.

Akataja bei. Mke wangu akauliza kama na gari limo humo.

Simu ikalia. Dada yangu. "Nasikia wamnyima mwanangu plagi." Dada ni mkubwa kwangu, hajibiwi hovyo. Nikamweleza kwa adabu kwamba tokeni nilizotia ni za shilingi 200, hazimfikishi hata Kilifi.

"Kwani Malindi tokeni haziuzwi?"

Mpwa mwenyewe yuko barazani anamalizia mahamri yangu. "Mjomba, wala usione uchungu. Mimi nitaondoka na gari, chaja itabaki kwako."

Itabaki nichaji nini, punda?

Mara kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. Huyo jirani hapitwi na neno. "Mkishaifunga hiyo, mniambie. Nami nataka kununua tuktuk ya stima."

Fundi akalifungua tena daftari. "Basi tuandike milimita 10."