Nilivyotua Juu ya Karafuu za Mama Mkwe

Msimu wa karafuu Pemba, ukienda ukweni ujue pa kukanyaga. Njia ya Wete kwenda Konde majamvi yametandikwa kando ya barabara, na hata mbuzi wa kule wana adabu, hupita kwa kuzunguka.

Mimi nilikuwa na kikapu cha halua ya Wete mkononi, kanzu iliyokolea pasi, na kifundo cha mguu wa kulia ambacho ni msaliti wa siku nyingi. Kiliteuka mara ya kwanza uwanjani Gombani: niliruka kupiga kichwa mpira wa kona, nikashukia juu ya kiatu cha beki. Bibi akanikanda kwa maji moto na chumvi, uvimbe ukaondoka, tukahesabu yamekwisha. Tangu hapo kimekuwa na tabia zake. Ngazi, kokoto, hata ukingo wa mkeka, kinapinda tu.

Gari ilipokaribia kwa wakwe nikawaona wote barazani. Nikagonga bodi: "Shusha!" Gari ya shamba hushukiwa nyuma, na mkwe kijana hangoji isimame kabisa watu wakimtazama. Nikachupa.

Hewani nilikuwa mzuri sana, mashahidi wapo. Tatizo lilikuwa chini. Wayo ulifika umeshageukia ndani, kifundo kikalala, halua ikashika njia yake, nami nikaingia jamvini kwa ubavu na kubiringika hadi jamvi la pili. Karafuu zikaruka mpaka barabarani. Zilizoingia ndani ya kanzu sizitaji. Mpaka nalala nilinukia pilau.

Watu wakaja mbio. Mama mkwe ndiye aliyetangulia. Akapiga magoti karibu yangu, akaanza kuzoa karafuu.

"Pole mwanangu," akasema bila kunitazama. "Hebu sogea, umelalia zilizokauka."

Shemeji yangu kazi yake ni kuwazoesha wagonjwa viungo. Akakibonyeza kifundo, akakizungusha, nikataja majina ya Mwenyezi Mungu mengi kwa pamoja.

"Hiki kimeshapata kuteuka?"

"Kidogo."

"Kano za upande wa nje zimelegea. Na humo ndimo zinamotoka habari za kuuambia ubongo mguu umekaaje. Mtu akichupa, misuli ya nje ya muundi hujikaza kabla wayo haujagusa ardhi, ndiyo inayouzuia usigeuke. Kwako haikuwa tayari. Na mguu ukishaanza kupinduka, huenda upesi kuliko misuli kushtuka."

"Kwa hivyo ubongo ndio haukupata habari?" mama mkwe akauliza kutoka jamvini.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua tu ni kichwa."

Shemeji akasema sio mimi peke yangu: katika kila watu 10 wanaoteuka mara ya kwanza, kama 4 hivi mwaka hupita kifundo bado hakijatulia. Nikafarijika. Ila hao wenzangu sijui waliangukia karafuu za nani.

Kiatu hakiingii, gari sipandi, ikawa nimelala ukweni. Asubuhi nikaletewa mto wa kuinulia mguu na ungo. "Kilichoteuka mguu," mama mkwe akasema, "mikono mizima." Nikachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na mchanga mpaka vidole vikageuka rangi. Halua sikuiulizia. Watoto wa jirani walikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

Uvimbe ulipopungua shemeji akanipa dawa yenyewe: nisimame kwa mguu ule mmoja, kwanza macho wazi, kisha nimefumba, na nikiimarika ndipo nianze kuruka kidogokidogo, nitue goti limekunjika. Macho wazi nilijikaza. Kufumba tu, nikayumba kama mnazi wa Kaskazi.

Nikiwa katika hali hiyo uani, mguu juu, macho nimefumba, akapita bibi mmoja wa jirani. Nikamsikia anamuuliza mama mkwe kwa sauti ya huruma, huyu mtoto wa watu kafanya nini hata akaadhibiwa hivi.

"Kakanyaga karafuu," akajibiwa.

"Basi mwache."