Mshauri asiyepita Seneti

Kuna makala inayodai kwamba washauri wa Rais wa Marekani wameanza kuwapiku mawaziri, lakini jambo hili si la jana wala juzi. Ofisi ya Utendaji ya Rais, yaani ofisi ya wasaidizi na washauri wake, iliundwa mwaka 1939, enzi za Rais Franklin Roosevelt, baada ya kamati aliyoiteua kupendekeza wasaidizi wasiozidi sita, watu wa kufanya kazi kimyakimya bila kutafuta sifa. Kufikia 1973, Henry Kissinger alikuwa mshauri wa usalama wa taifa na waziri wa mambo ya nje kwa wakati mmoja (nani alimshauri nani hapo?). Waziri huthibitishwa na Seneti, mojawapo ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani. Mshauri wa usalama wa taifa hathibitishwi, ilhali mlango wake uko hatua chache tu kutoka kwenye meza ya Rais.