Ndiyo, nililiamkia koti. Ila hamjaambiwa yote

Haya jamani, kwa kuwa yule shosti wangu aliyelala kwangu jana keshawarushia voisi noti anacheka mpaka anakohoa, na kwa kuwa tangu asubuhi simu yangu inaingia meseji za "koti linakusalimia", bora niseme mwenyewe. Ni kweli. Nililiamkia koti. Usiku wa manane, kwa adabu zote, sauti ya mkwe mpya. Lakini kuna kipande amekiruka makusudi na hicho ndo kimenifanya nishike simu sasa hivi hata chai ya asubuhi sijagusa.

Chanzo ni baridi kuisha. Nguo nzito zimejaa kila mahali, kabati lenyewe mnalijua, nikaona na mimi nijaribu ile mifuko ya nailoni ya kunyonya hewa. Unajaza nguo, unafunga zipu, unachomeka bomba la mashine ya kufyonza vumbi kwenye kile kimdomo, unawasha. Wee! Blanketi lililokuwa kama kilima linanywea mbele ya macho yako linakuwa gumu kama ubao. Nikanogewa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu na heshima zangu leo. Nikaongeza masweta sita, nikaongeza koti refu, nikaongeza na lile jaketi la manyoya ya bata (najua, najua, manyoya hayatakiwi kubanwa miezi yanapoteza kule kuvimba, mmeshaniambia watu wanne na wote mmechelewa). Zipu ikagoma, tukaikalia wote wawili, mimi na yeye mtoa voisi, ikafunga. Kumbe mkanda wa koti umebaki katikati ya meno ya zipu, kipande kidogo tu kama ulimi. Sikukiona.

Mfuko nikausukumia rafu ya juu kwa bega. Mlango wa kabati ukashikwa na kile kisumaku chake, na kabati liko kichwani kwa kitanda changu, yaani nikilala utosi wangu na nguo zangu ni majirani.

Halafu naftalini. Hapa naomba msinicheke sana. Vile vidonge vinatakiwa vikae kwenye kitu kilichofungwa kabisa, kwa sababu haviyeyuki vikawa maji, vinageuka hewa moja kwa moja, na hiyo hewa ndo inayoua nondo na wale viwavi wake wanaokula sufu. Ukiviacha wazi hewa hiyo unaivuta wewe. Mimi nilivimwaga kwenye rafu kama nagawa pipi. Chumba kikanuka hospitali. Shosti hakusikia harufu yoyote maana alikuwa na mafua, pua imeziba, sauti imekuwa nzito kama ya mzee wa kanzu, mkumbuke hiyo sauti tutaihitaji. Yeye akalala sebuleni kwenye kochi, mimi chumbani, dirisha tumefunga kwa ajili ya mafua yake.

Sasa twendeni polepole.

Saa nane hivi nimeshtuka. Giza. Kichwa kinauma, harufu ya dawa imejaa, na wazo la kwanza kuingia kichwani ni zile habari za wezi wanaopulizia watu dawa walale fofofo. Nikasema nimepuliziwa. Nikatulia. Nikasikia kitu kinapumua.

Siwadanganyi, kinapumua. Krrrsh. Kinanyamaza. Krrrsh. Leo nawaambia kwamba ni nailoni inajinyoosha taratibu kadiri hewa inavyopenya pale kwenye mkanda, na yale manyoya ya bata yanavimba kurudi kwenye saizi yake kwa hasira ya kukaliwa na watu wazima wawili. Saa nane usiku sikuwa na elimu hiyo.

Halafu, tak! Kile kisumaku kimeachia. Mlango wa kabati ukaanza kufunguka, wenyewe, pole pole, ule mlio wa bawaba kama mtu anauliza swali. Nikageuza macho tu, kichwa kimegoma. Pale juu kuna kitu kikubwa kinang'aa, kimechungulia, kimeinama kunitazama. Ndani yake nikaona mkono. (Mkono wa koti, ndiyo, lakini mkono ni mkono.) Kikainama zaidi. Kikafikiria. Kikanishukia kifuani, kizito, cha baridi, laini, na bado kinapumua.

Wengine wangepiga kelele. Wengine wangepiga ngumi. Mimi malezi yangu yakanitoka mdomoni:

"Shikamoo."

Kimya. Krrrsh.

Nikasema labda hajasikia, nikaongeza sauti kidogo, "Shikamoo baba."

Na hapa ndo pale alipowarukisha. Kutoka chini, kwenye sakafu, kama inatoka ardhini, ikaja sauti nzito ya pua iliyoziba:

"Marahabaaa. Hujambo?"

Jamani koti limeitikia. Na mimi kwa akili zangu timamu nikajibu sijambo! Nikaona basi mtu anayejulia hali ni mtu wa kuongea naye, nikaanza kujitetea, "Baba naomba uniachie roho tu, simu yangu hii imepasuka kioo haitakufaa, nenda sebuleni kwenye kochi kuna mwenzangu amelala, yeye ana simu mpya, na mkufu anao, na analala sana hatasikia."

Kimya kirefu.

Sauti ya chini ikauliza, safari hii haina usingizi hata chembe, "UNASEMAJE?"

Kumbe usiku alisikia baridi akaburuta godoro akaja kulala sakafuni kwangu bila kuniamsha. Nikapiga yowe, akapiga yowe kwa sababu nimepiga yowe, nikarusha koti likamkuta usoni, taa, jirani kagonga ukuta, madirisha tukafungua yote, vidonge tukaokota moja moja kwa tochi na gloves za kuoshea vyombo, akaniangalia mpaka kunakucha. Asubuhi kabeba mkoba wake kaondoka, na kabla hajafika kwake mlishaipata voisi.

Kwa hiyo ameshawaambia nimemuuza kwa mwizi. Sikatai, nilimuuza, tena na mkufu nikautaja, tutayaongea wenyewe akipona. Masweta yamekaa kwenye begi la kawaida la zipu, jaketi linaning'inia nyuma ya mlango ndani ya shuka la zamani, nimeligeuzia uso ukutani na siku nikiamka usiku silitazami. Ule mfuko pamoja na mashine nimemrudishia mwenyewe aliyeniazima.

Lakini nataka muelewe hivi: mimi niliamkia koti kwa sababu nilikuwa macho na naogopa. Yeye aliitikia akiwa usingizini, hajui nani anamwamkia, na nimemzidi mwezi mzima kuzaliwa. Hakusita hata kidogo. Alikuwa anaisubiri. Kwa hiyo leo mkimpigia msihangaike na habari za asubuhi, mpeni shikamoo tu, mtaona.